Sauti ya Shangazi Kwenye Bajaji ya Chama

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa chini, miguu nimeikunja, sahani ya majani mbele yangu na puri tatu za moto juu yake, vile vimkate vya kukaanga. Mkono wangu ulikuwa umeshamega kipande. Uani kwa wanawake palikuwa kimya, hata kikohozi hakikusikika.

Siku saba zimepita na kipande changu bado sijakitia mdomoni.

Kwa msomaji anayenikuta leo, mimi ni Kedar, fundi wa nyimbo. Nina studio ya chumba kimoja nyumbani kwangu, nyuma ya stendi ya mabasi, na ukutani nimegongelea magodoro makuukuu ili honi zisiingie kwenye kurekodi. Nimetengeneza nyimbo za vyama vyote, chaguzi nne mfululizo, na ukiniuliza nampigia nani kura nitakwambia nimechoka. Binti yangu wa pekee, Nutan, anaolewa mwezi ujao. Siku ile tulikwenda wanaume kumi na wanane kijijini kwa bwana harusi, kumtia kijana alama ya paji na kumkabidhi zawadi zake. Hilo lilikwisha salama, tukakaribishwa chakula.

Hapo ndipo wanawake wa nyumba ile walipotakiwa kututukana.

Wala si hiari. Kwetu mkwe akiketi kula, wanawake nyuma ya pazia wanaanza wimbo wa utani, na wanakutukana kwa jina lako. Wewe, mama yako, dada yako, tumbo lako, masharubu yako, hakuna kinachosalimika. Ukitukanwa vizuri unarudi nyumbani unajisifu mwezi mzima. Tusi la kwanza likisikika ndipo unameza tonge la kwanza. Lisiposikika, ujue hawajakuhesabu ndugu, na hakuna anayeozesha binti kwa watu wasiomtaka.

Kaka yangu mkubwa alininong'oneza kwamba labda wamesahau. Nilimwambia wanaweza kusahau chumvi, hilo hapana. Mzee mmoja wa upande wetu akakohoa kwa makusudi, akakohoa tena, kuwakumbusha. Kimya. Joto la mwezi wa tano limetubana, feni la kukodi linatupulizia vumbi, na puri zinapoa.

Ndipo nje barabarani ikapita bajaji ya Chama cha Kitana, spika mbili zimefungwa juu yake. Sauti ya mwanamke mzee ikamwagika ukutani, kali, ina mtetemo mwishoni mwa kila mstari, na chini yake ngoma za kompyuta.

*Dharmdev kaja kula, sufuria kabeba,*
*Kala puri hamsini, na bado hajashiba.*
*Dada yake yuko wapi? Mwulizeni muuza tambuu,*
*Kamwacha pale rehani, kwa jani na karafuu.*

Vijana wawili wa upande wetu walianza kutikisa vichwa kwa mdundo. Siwalaumu. Jimbo zima linatikisa kichwa na wimbo huo, nao ulitoka mikononi mwangu.

Jagnarayan, baba wa bwana harusi, alisubiri bajaji ipite. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Aliniuliza kwa upole kama namjua huyo Dharmdev anayeimbwa. Nikasema namjua kama watu wote wanavyomjua, ni mgombea wa Chama cha Birika.

"Ni shemeji yangu," akasema. "Kaka wa mke wangu. Huyo dada aliyewekwa rehani kwa muuza tambuu ndiye mama wa kijana wako."

Puri ikanidondoka.

Mtaniuliza, Kedar, ulichunguzaje ukoo wa watu usijue mjomba ni nani? Nami ninajiuliza hivyo hivyo. Jibu ni fupi. Dharmdev na dada yake walikuwa hawasemezani miaka kumi na mmoja kwa sababu ya ukuta uliojengwa hatua mbili zaidi ya ilivyotakiwa. Wakati wa posa hakuna aliyemtaja hata kwa bahati mbaya. Chama kilipompitisha kugombea, akaja na maua na peremende, ukuta ukasahaulika, udugu ukafufuka. Alipokuja na peremende hizo, mimi nilikuwa nimeshamaliza kazi yangu.

Na kazi yenyewe naomba niiseme hapa, maana imeshanikaba. Kuna kijana wa mjini anaitwa Pratyush, ndiye anayeendesha simu za Chama cha Kitana. Ana chumba chenye vijana kumi na wawili, kila mmoja na simu tatu, wanarusha video fupi kwenye makundi ya vijiji vyote. Alinijia akasema hotuba hazisikilizwi tena, watu wanataka wimbo wa kuwaganda kichwani. Anataka kitu cha nyumbani, chenye harufu ya jikoni. Nikajua pa kwenda.

Nilikwenda kwa shangazi yangu Batasi. Dada wa marehemu baba, ana miaka sabini na kitu, na katika vijiji saba hakuna harusi iliyokamilika bila yeye kutukana mtu. Nilimkuta kitandani uani, anachagua dengu. Nikamwambia, Shangazi, harusi ya Nutan inakuja, hebu jaribu koo lako, kuna mkwe mmoja anaitwa Dharmdev. Hakuuliza mara mbili. Aliimba huku mikono yake ikitoa vijiwe kwenye dengu, na simu yangu ilikuwa chini ya kanga yake, inarekodi.

Sikumwambia ya nini. Nilijisemea kazi ni kazi. Siku nne baadaye wimbo ulikuwa kwenye kila simu, hata ya mganga wa mifugo.

Sasa Jagnarayan alikuwa ananitazama. "Mkwe, wewe ni fundi wa nyimbo. Sauti hii huijui?"

Nikajibu kwamba sauti za vikongwe zinafanana.

Nilipolisema hilo nilijiona mdogo. Naye akatikisa kichwa taratibu, kama anavyosikitikia mwanafunzi aliyeibia mtihani. Akasema katika nyumba ya tatu kutoka hapo yuko mke aliyetoka kijijini kwetu. Mke huyo ameusikia mstari wa kwanza tu, akasema huyu ni Batasi, hakuna mwingine anayetetemesha hivyo. Basi wanawake wa nyumba hii wamekaa, wakashauriana, na wameamua. Nyumba iliyomtukana mama wa bwana harusi sokoni, mbele ya watu baki, haitaimbiwa utani hapa. Zawadi zetu zimeshapangwa mlangoni, tuzichukue tunapotoka.

Kaka yangu aliunganisha viganja vyake kuomba. Alieleza kwamba kadi zimeshagawiwa, kwamba msichana ameshapakwa manjano ya kwanza, kwamba posa ikivunjika sasa hakuna mtu katika wilaya atakayeuliza kosa ni la nani. Watasema kosa ni la binti. Yote hayo ni kweli. Jagnarayan alisikiliza mpaka mwisho na kusema anamhurumia sana msichana.

Nikamwona Nutan wangu akilini. Miaka ishirini na mitatu, amesoma kompyuta kwenye studio yangu kwa kunitazama tu, siku hizi ananizidi. Asubuhi ile aliponifunga kilemba aliniambia anataka jambo moja tu kwenye harusi yake, isiwepo spika hata moja. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulikuwa tunanyanyuka magari matatu yalipoingia kwa honi.

Dharmdev mwenyewe. Mashada matatu shingoni, koo limekauka kwa hotuba, macho mekundu ya mtu asiyelala. Kumbe ni kwa ajili ya ratiba yake sherehe ile iliwekwa saa sita mchana, na kuhani akaambiwa aitafutie baraka saa hiyo hiyo. Nyuma yake kijana ameshika kamera kwenye fimbo. Nilijiandaa kupigwa.

Badala yake alikaa mkekani karibu yangu, akachukua puri kutoka sahani yangu, akala.

Akauliza mbona sura zimekunjwa. Jagnarayan akamweleza. Dharmdev akatafuna, akameza, akaanza kucheka kicheko kisicho na nguvu. Alisema kabla ya wimbo ule vijiji vya kusini mwa mto hawakumjua hata kwa picha. Sasa akishuka kwenye gari watoto wanamwimbia, mama zao wanatoka nje kumwona huyo mlaji wa puri hamsini, na wakishatoka anawaomba kura. Waliomlipia tangazo ni Kitana wenyewe.

"Nilikesha nikitafuta wimbo wa kunifanya nijulikane," alisema, "kumbe maadui zangu wanautengeneza bure."

Nikapumua. Mapema mno.

Akageuza uso, akawa mgombea tena. Alisema posa haivunjiki, yeye mjomba anaisimamisha, ila kuna kitu kidogo. Huyo bibi aje kwenye kamera. Aseme Chama cha Kitana kilimdanganya, ajute, alie kidogo akiweza, halafu aimbe mmoja wa kumtukana mgombea wao. Video ya bibi mzee anayelia, jioni iko kwenye kila kundi. Kesho kutwa kura.

Kaka yangu alinibonyeza ubavu. Wote kumi na saba walinitazama, na macho yao yalisema kubali tule. Na mimi nilitaka kukubali, sitawaficha. Shangazi Batasi angelia kwenye kamera nikimwomba, jina langu lisingetajwa, Kitana wangebeba lawama ambayo nusu yake ni yao kweli, na binti yangu angeolewa. Nikatoa simu mfukoni nikampigia Nutan, simu ya picha.

Akapokea. Nilimwona usoni kwamba alikuwa ameshasikia habari, sijui kutoka kwa nani, siku hizi habari hazipiti mlangoni. Alisema Pratyush amekuja kutafuta wimbo mwingine, amempa chai, anasubiri. Nikamwambia mwache huyo, niitie Shangazi, ambaye alikuwa kwetu akisubiri harusi. Hakwenda mara moja.

"Baba, ule wimbo ni wewe?"

Nikamwambia aniitie Shangazi, akaenda.

Simu bado iko mkononi mwangu pazia la uani likafunuka. Wanaume wote wakainamisha macho. Mama wa bwana harusi, Lalmuni, alitoka akiwa amejifunika mpaka kidevuni, mwanamke mfupi, miguu mitupu yenye rangi nyekundu ya sherehe. Mbele ya wakwe wa kiume mwanamke wa nyumba ile hatoki, sembuse kusema. Yeye alinyoosha mkono.

"Nipe. Nataka kumwona mwenyewe."

Kisha akamgeukia kaka yake na kumwambia azime kamera yake. Dharmdev akaanza kueleza jambo la kura. Akamwambia tena azime, kwa sauti ile ile isiyopanda, na mgombea wa ubunge akampa ishara kijana wake. Kamera ikafungwa kifuniko, nikaiona kwa macho yangu. Simu zote nyingine alisema ziwekwe kwenye sinia la shaba, zikawekwa.

Lalmuni akatupa mgongo, akakaa kizingitini penye pazia na simu yangu karibu na uso. Akajifunua ili aone skrini. Sisi tuliuona mgongo wake tu. Uso wake ulionwa na ile simu tu.

"Mama," akasema, "wewe ndiye Batasi uliyeniimba?"

Sauti ya Shangazi ikatoka, ya kukwaruza, inauliza wewe nani.

"Mimi dada yake Dharmdev. Siku kumi na moja siendi sokoni. Muuza tambuu anaupiga wimbo wako dukani kwake, wateja wanauliza nimekombolewa lini. Juzi nimekwenda bombani kuchota maji, mtoto wa jirani akaniimbia. Ana miaka minne. Hajui anasema nini, anajua tu kwamba ni wimbo mzuri."

Hakulia. Alisema kwa uchovu wa mtu anayesoma orodha ya vitu vilivyopotea.

Shangazi akasema alikuwa anamwimbia mkwe. Aliambiwa ni mkwe. Utani ule hauimbiwi mtu baki, mtu unamtukana akiwa amekaa kwako, chakula chako kiko mdomoni mwake, na asubuhi unampa maji ya kuoga. Utamtukanaje mtu hujampa hata maji?

"Nani alikwambia ni mkwe?" Lalmuni akauliza.

Sahani mbele yangu, kaka yangu ubavuni, Dharmdev ameacha kutafuna.

"Sikumbuki," Shangazi akasema. "Mimi mzee. Watu wengi wanakuja."

Shangazi yangu anakumbuka mahari ya bibi yake. Anakumbuka nani alikula nini kwenye harusi ya mwaka wa mafuriko. Alinikinga mbele ya watu wasiomjua, na mimi nilikuwa nimemfichia simu chini ya kanga.

Nilikuwa nimechoka, wasomaji wangu, na uchovu wakati mwingine unamfanya mtu awe mkweli kuliko ushujaa. Nikasema ni mimi. Nikayasema yote, dengu, simu, ngoma, Pratyush. Kaka yangu alijifunika uso kwa kilemba.

Dharmdev alipiga paja. Alisema kumbe fundi mwenyewe ninyi mnamficha hapa, basi nimpigie na yeye wimbo mmoja kabla kampeni hazijafungwa kesho jioni. Nadhani hata yeye alisikia jinsi alivyosikika, maana alichukua puri nyingine na kuitazama tu.

Lalmuni hakugeuka. Aliniuliza, bado akiitazama skrini, kama nilifikiri juu ya dada wa Dharmdev nilipokuwa naweka zile ngoma.

"Sikufikiri kama yupo," nikasema.

"Nipo," akasema.

Kisha Shangazi akamwita kutoka ndani ya simu, si kwa jina, alimwita mkwe. Akasema ana deni la chakula kwake na atamlipa siku ya harusi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini leo, kama yeye Lalmuni ana koo, amtukane. Amtukane Batasi kwa jina lake na amtukane huyo mjinga Kedar, hapo hapo, wanawake wote wasikie, ngoma zetu ziwe sawa. Akikataa, basi, avunje posa, ana haki. Ila asimwache bila kumtukana, kwa sababu hiyo ndiyo aibu asiyoweza kufa nayo.

Feni likageuza vumbi upande wa pili na kurudi.

Halafu Lalmuni akaanza. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa imekwaruzika kwa siku kumi na moja za kunyamaza, na mstari wa kwanza aliukosea tuni.

*Batasi ana masharubu, kinyozi kamkimbia,*
*Wanaume wote wamekataa, paka kamwoa pia.*

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akaitikia. Akaitikia wa pili, na sufuria ikapigwa kijiko.

*Na Kedar huyu mpwawe, mwulizeni baba ni nani,*
*Mama yake anamjua, ni mpiga ngoma jirani.*

Ua zima likalipuka. Kwenye simu Shangazi Batasi alikuwa anacheka mpaka anakohoa, anamwomba aongeze na tumbo langu, nao wakaongeza tumbo langu. Kaka yangu alifungua uso. Mzee wetu aliyekuwa akikohoa akafuta machozi na kusema sasa tumefika. Mimi nilitukanwa robo saa bila kupumzishwa, mama yangu marehemu akaozwa kwa wanaume tisa, na sijawahi kusikia raha ya namna ile.

Jagnarayan mwenyewe alinitilia maziwa mgando. Nikamega puri, imepoa, imekuwa ngumu, nikaitia mdomoni. Binti yangu anaolewa. Lalmuni alinirudishia simu kwa mkono wa kushoto bila kunitazama, akaingia ndani, na nilijua kwamba kusamehewa bado. Nilichokipata ni kuhesabiwa ndugu, na ndugu tu ndiye anayeweza kukaa akingoja kusamehewa. Dharmdev akaaga, magari yakaondoka, honi zikafifia.

Tulikuwa kwenye bakuli za mwisho za wali wa maziwa simu kwenye sinia zilipoanza kutetemeka. Moja, halafu tano, halafu sinia zima likawa linaruka juu ya sakafu.

Bwana harusi ndiye aliyeinua ya kwanza. Kijana mpole, hajasema neno siku nzima. Akaitazama, rangi ikamtoka. Akampa baba yake, na baba yake akaniletea mimi.

Ilikuwa video. Mwanamke anaimba, uso wake wazi, karibu kabisa, jasho kwenye paji, jino moja la pembeni limevunjika. Uso ambao wanaume wa kijiji kile hawajauona tangu alipoolewa. Juu wameandika kwa herufi nyekundu kwamba dada wa mgombea wa Birika ametoka rehani, sasa anatukana wazee. Chini kuna kitana, alama ya chama. Tayari watu elfu sita wameitazama.

"Kamera ya shemeji ilikuwa imefungwa," Jagnarayan alisema. "Simu zote zilikuwa kwenye sinia. Mkwe, wewe ni fundi. Hii imepigwa kutoka wapi?"

Sikuhitaji ufundi. Kwenye pembe ya chini ya video kulikuwa na kidirisha kidogo, ukubwa wa kucha, kile kinachomwonyesha aliyeshika simu. Ndani yake Shangazi Batasi anacheka bila meno.

Imepigwa kutoka upande wa pili wa simu. Kutoka nyumbani kwangu, kwenye simu ya binti yangu, ambayo namba yake ya siri hata mimi siijui.

Jagnarayan akaniambia nipige. Akaniambia niweke sauti ya nje ili wote wasikie. Mkono wangu ulikuwa na maziwa, ukateleza mara mbili kabla ya kubonyeza jina la Nutan.

Simu ikalia mara moja tu. Iliyojibu ilikuwa sauti ya mwanamume, kijana, mchangamfu, na niliijua kabla hajamaliza salamu.

"Kaka Kedar, hongera," akasema Pratyush. "Huu unaupita ule wa kwanza. Tulia kabisa huko, Nutan yuko kwenye kompyuta yako hapa, anauwekea ngoma."

Uani kwa wanawake pakawa kimya tena.